Gari Iliyochemka Tunguu

Gari aliyotuachia marehemu baba ilikuwa na tabia ambayo mafundi walishindwa kunieleza: ilikuwa haichemki ila nikimpakia mama. Nikiwa peke yangu, natoka nyumbani Jang'ombe kwenda Malindi, ninakofanya kazi ya ukarani wa mizigo bandarini, mshale wa joto ulitulia katikati, jua liwe kali namna gani, foleni iwe ndefu namna gani. Nikimpakia mama tukaelekea kusini, tukishaipita Tunguu tu mshale unaanza kupanda. Kabla hatujafika Bungi maji yanatokota, mvuke unatoka pembeni mwa boneti, na mimi naegesha kando ya barabara nimefura kwa hasira. Ilifika mahali nikaanza kuamini kwamba gari ile haimpendi mama.

Ningekuwa na safari za starehe ningeiuza nikapumzika. Lakini mama mkubwa, dada yake mama, alikuwa kitandani Kizimkazi, hawezi tena kuinuka. Katika watoto wa bibi walikuwa wamebaki wao wawili tu. Kila Ijumaa jioni mwanawe alipiga simu kutupa hali, na kila mara mgonjwa aliomba simu iwekwe sikioni mwake, akamwuliza mama swali lile lile: unakuja lini? Mama alijibu kesho, inshaallah. Kesho yenyewe tukafika Tunguu, gari ikachemka, tukarudi.

Mama ana nyonga mbovu. Kupanda gari za abiria hawezi, na siku tuliyokodi teksi alitapika tangu Mwanakwerekwe mpaka mwisho wa safari, akaapa harudii. Kiti alichokizoea ni kile cha mbele cha gari ya mumewe, na mto wake wa sufi mgongoni. Kwa hiyo ilikuwa ni gari ile au hakuna, na dada yake alikuwa hangojei sana. Hilo tulilijua sote.

Mara ya kwanza ilikuwa na sababu ya wazi. Mpira mmoja wa maji ulikuwa umechakaa, ukapasuka, maji yote yakamwagika njiani. Nakumbuka mama alishuka, akakaa juu ya jiwe chini ya kivuli, akaniuliza gari ina nini. Nilikuwa nimeungua kidole na sina subira hata nikiwa mzima, nikamjibu:

"Ina homa, mama."

Akaitazama gari kwa huruma, kweli kabisa kwa huruma, akasema, "Maskini. Imechoka na yenyewe." Fundi akaja, akatia mpira mpya, mambo yakaisha. Nikadhani yameisha.

Wiki iliyofuata ikachemka tena, pale pale. Mpira mzima, hakuna panapovuja. Nikangoja ipoe, nikafungua kifuniko cha rejeta kwa tambara, nikatia maji, nikakirudisha kifuniko kwa hasira zangu zote, nikikigandamiza na kukizungusha mpaka kikagota. Tukarudi mjini polepole kwa sababu fundi alinionya: gari ikishachemka usiende nayo mbali, utaiua injini. Na njia nzima ya kurudi mshale ukakaa katikati, kimya, kama si gari ile iliyokuwa ikitokota saa ile. Hapo ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa.

Kazi yangu bandarini ni kutafuta kisichoonekana. Boksi limeandikwa limefika na halipo, jingine lipo na halijaandikwa, na mimi nafuata nyayo zake kutoka meli mpaka ghala mpaka nilikamate. Najisifu kwa hilo, na wenzangu wananitania kwamba nikiitwa peponi nitakwenda kuhesabu mito. Basi nikaifanya gari ile mzigo uliopotea. Nikajiambia, kuna kitu mahali fulani, nitakifuata mpaka nikione.

Fundi wa mtaani kwetu alifungua akatoa kidude cha mviringo chenye springi, kile kinachozuia maji yasizunguke mpaka injini ipate joto. Akakishika kwa vidole viwili mbele ya uso wangu.

"Hii tamostati. Wazungu wanaitaka kwa baridi yao. Sisi hapa tuna baridi gani? Nimekutolea."

Niliondoka nimeridhika. Siku ya Jumamosi, mama ndani, Tunguu, mshale juu.

Fundi wa pili, wa Mwanakwerekwe, alifungua kifuniko, akachungulia mdomo wa rejeta, akaguna. Akanionyesha alama za rangi ya manjano iliyoiva, karibu na nyekundu, zimekaukia pembeni mwa mdomo.

"Kutu hiyo, dada. Unatia maji ya kisima."

"Sitii maji ya kisima. Natia ya chupa, nanunua."

"Kutu haisemi uongo," akasema, na kweli alama nilikuwa naziona kwa macho yangu. Akaiosha rejeta akaisuuza mpaka maji yakatoka meupe. Jumamosi yake tukachemka kama kawaida, na nilipofungua kifuniko nikaiona kutu ile ile, mbichi, imerudi mahali pake. Kutu gani inayoota kwa siku chache? Nilisimama pale kando ya barabara nimeshika tambara, mchungaji mmoja akapita na ng'ombe wake akanisalimu, nikamwitikia bila kujua nimesema nini.

Jambo jingine lilinitatiza, na hilo sikumwambia fundi yeyote kwa kuogopa kuchekwa. Mvuke wa gari ile ulinukia. Katikati ya harufu ya chuma na mpira wa moto kulikuwa na harufu nzuri, ya marashi. Nikajiambia ni mama. Mama hatoki nyumbani bila kujirashia marashi, na nguo zake kabatini zinakaa na asumini. Lakini mama alikuwa amekaa kule kwenye jiwe lake, na upepo ulikuwa unatoka kwangu kwenda kwake.

Fundi wa tatu alikuwa mtu wa maana, anaheshimika mjini, na yeye akasema gasketi ya silinda hedi imekufa, injini lazima ifunguliwe. Kabla ya kufungua nikamwomba tuijaribu kwanza. Tukaenda naye mpaka Jozani, mwendo wa kutosha kuzidi Tunguu na Bungi, saa saba mchana, jua la utosi. Haikuchemka. Tukarudi, haikuchemka. Akashuka, akafuta mikono ambayo haikuwa na uchafu wowote, akaniangalia vile wanaume wanavyomwangalia mwanamke aliyesema amesikia kitu darini.

"Gari nzima hii, dada yangu. Labda unaikanyaga sana."

Nilitamani nimkanyage yeye. Nikaenda nyumbani nikafanya jambo ambalo mpaka leo naona haya kulisema: nilipakia gunia la mchele kwenye kiti cha mama, nikalifunga mkanda, nikaliegemeza na ule mto wa sufi, nikalipeleka mpaka Bungi. Nilitaka kujua kama ni uzito. Gunia likasafiri salama salimini. Askari wa barabarani alitusimamisha, akalitazama gunia, akanitazama mimi, akaturuhusu tupite.

Kwa hiyo si mpira, si kutu, si gasketi, si uzito, si mguu wangu. Ni mama. Nilifikia kumwomba asivae viatu vya plastiki. Nilimkataza kufunga kioo. Siku moja nilimsogezea mkoba wake nyuma, akasema, "Mwanangu, umeanza kuota mchana." Nilicheka naye lakini moyoni nilikuwa naogopa, maana nilihisi kwamba kuna kitu chepesi kinachonipita mbele ya pua, na wakati mimi nakipapasa, Kizimkazi mtu anapungua.

Asubuhi moja ya Jumamosi simu iliita mapema, watu ndiyo kwanza wametoka msikitini. Alikuwa mwana wa mama mkubwa. Hakuuliza hali.

"Mlete mama leo. Na leo msirudi njiani, tafadhali."

Nikamwambia mama tunaondoka sasa hivi. Nikaingia kuoga. Maji ya bomba hayakuwa yakitoka, nikatoka tena na ndoo kwenda kuchota jikoni kwenye pipa. Dirisha letu la jikoni linatazama uwanja wa nyuma, mahali gari inapolala. Mama alikuwa nje, amejitanda kanga, na boneti ilikuwa wazi.

Ameitegemeza kwa mpini wa ufagio, kama alivyokuwa akifanya baba, kwa kuwa chuma chake cha kuegemezea kilikatika zamani. Mkononi ana chupa. Naifahamu chupa ile: ni ya kombe. Mwalimu wa chuo cha Kurani cha jirani alikuwa akimwandikia mama aya za shifa kwenye sahani nyeupe, kwa zafarani, na mama akiyaosha maandishi kwa marashi na maji ili akamnyweshe dada yake. Kila safari alibeba chupa, na kila tuliporudi kutoka Tunguu aliirudisha.

Nikamwona anafungua kifuniko cha rejeta. Akasema bismillahi, akatia funda moja, akatazama ndani, akatia jingine, halafu akamimina kwa muda, huku midomo yake inasoma. Yakamwagika kidogo pembeni, ya manjano. Kisha akachukua kifuniko, akakiweka juu ya mdomo wa rejeta, akakizungusha taratibu kwa ncha za vidole, akakipapasa. Akatoa mpini wa ufagio, akaishusha boneti, akaifuta kwa pindo la kanga.

Vidole vya mama vimevimba viungo kwa miaka. Kifungo hawezi, chupa ya soda hawezi. Na kifuniko kile hakikubali kuzungushwa tu, kinataka ukigandamize kwa nguvu ndiyo kigote. Kikibaki nusu, maji yanapopata moto wa safari ndefu hayana kinachoyazuia, yanatokota yanatoka. Na mimi kila mara baada ya kuchemka nilikuwa nakifungua kwa tambara nisihisi kilivyolegea, kisha nakikaza mwenyewe, kwa hasira, kwa hiyo gari ikawa nzima njia ya kurudi, nzima wiki nzima ya Malindi, nzima mbele ya mafundi wote, mpaka Jumamosi nyingine mama aamke aitibu. Na kadiri ilivyochemka ndivyo alivyozidi kuitibu.

Nilishikwa na hasira, sitaki kusema uongo. Nilikumbuka Jumamosi zote zile, na gunia la mchele. Nilitaka kufungua dirisha nipige ukelele. Lakini nilikumbuka pia kwamba baba alikuwa akitia maji kila asubuhi, na aliyekuwa akimshikia birika ni mama. Amesimama pale miaka na miaka anaangalia mdomo ule ukifunguliwa na kufungwa, na hajawahi hata mara moja kuambiwa akifunge yeye. Kisha nilikumbuka nani alimwambia kwamba gari ina homa.

Sikuoga. Nilipomsikia ameingia chumbani kuvaa buibui, nilitoka nje nikafungua boneti. Kifuniko kiliniitika kwa kidole kimoja. Nikakigandamiza kwa kiganja mpaka kikagota, nikafunga, nikaenda kumshika mkono mama nimpandishe.

Tunguu tukapita. Bungi tukapita. Nilikuwa namtazama mama kwa pembe ya jicho, naye anautazama mshale. Tulipoingia kwenye kivuli cha msitu wa Jozani aliipigapiga gari pale mbele yake kwa kiganja, vile unavyompigapiga mtoto aliyelala.

"Alhamdulillahi. Nshaipa kombe, ikapona. Kila safari nnaipa kidogo, wewe hujui. Leo nimeitilia jingi."

"Naam, mama," nikasema. Nilikuwa na furaha, nikaona hakuna haja ya kuiharibu. Nilijihisi mwerevu, mzigo nimeukamata, na kila mtu salama.

Mama mkubwa alikuwa mdogo kitandani kuliko nilivyomwacha. Nikampa shikamoo, marahaba yake ikatoka kwa pumzi tu. Mama akakaa pembeni yake, wakaanza kusema kwa lugha yao ya kusini, upesi upesi na chini chini, mimi nikipata neno hapa na pale, na mara moja mama mkubwa akacheka. Halafu mama akatoa chupa. Kilichobaki kilikuwa chini kabisa. Akaniomba nimfungulie kizibo, akammiminia dada yake kwenye kijiko, na kingi kikateremka pembeni ya mdomo, cha manjano, mama akakipangusa kwa kanga ile ile aliyoifutia boneti. Tulilala huko. Tulirudi kesho yake, na kabla ya Jumamosi nyingine tukaitwa kwenda kuzika.

Hitima ikapita, watu wakatawanyika. Mama hakulia sana. Alikuwa anakaa jikoni na ungo, anachagua mchele ambao umeshachaguliwa. Asubuhi moja nilikuwa nakunywa chai, nikamsikia anasema, bila kuniangalia:

"Ile gari ilipona."

"Ndiyo, mama."

"Dada yangu hakupona. Mungu ndiye mpaji, sibishani na Mungu." Akachambua punje, akaitupa. "Lakini lile kombe liliandikwa kwa ajili yake. Mimi nikalimiminia gari. Yeye nikampa masalio."

Niliweka kikombe chini. Nilimwangalia, na nikaona kwamba amekaa na jambo hili siku zote zile, ungo mapajani. Nikafungua mdomo nimwambie kwamba kombe halikuiponya gari, kwamba ni mimi niliyekaza kifuniko. Neno limeshafika ulimini ndipo nilipoona linakokwenda. Nikimwambia kwamba nilikikaza, atauliza nani alikilegeza. Na akijua nani alikilegeza, atazihesabu Jumamosi zote tulizorudi kutoka Tunguu, na dada yake akiuliza kwenye simu unakuja lini. Nikinyamaza, amemnyang'anya mgonjwa dawa. Nikisema, amemnyima hata kuonana naye. Kazini kwangu kila mzigo una mahali pake. Huu sikujua niuweke wapi.

"Mama," nikasema, "kombe halina habari na gari. Kifuniko cha rejeta kilikuwa kibovu. Fundi aliniambia zamani nikibadilishe, mimi nikapuuza. Siku ile asubuhi ndiyo nilitia kipya. Basi ni hivyo tu. Kosa langu."

Mikono yake ikasimama juu ya ungo.

"Kipya?"

"Kipya."

Akainama, anaviangalia vidole vyake, au anauangalia mchele, sikuweza kujua. Kisha akanigeukia akanitolea ukali ambao sijauona tangu nikiwa msichana. Ati mtu mzima, msomi, mwenye kazi bandarini, anaambiwa na fundi na hasikii! Ati baba yangu angekuwa hai angenionyesha! Nikainamisha kichwa nikapokea yote, na nasema kweli, kila neno lilinipunguzia uzito. Tangu siku ile akija mgeni yeyote kutoa pole, hadithi aliipata. Mwanangu huyu mnayemwona, alituzuia kufika kwa dada yangu kwa kifuniko tu. Wanawake wakanitazama wakatikisa vichwa, nami nikawaongezea kahawa.

Ili uongo wangu usiaibike, baada ya siku kadhaa nilipita duka la spea nikanunua kifuniko kipya kweli, kinachong'aa. Asubuhi nikatoka uwanjani kabla ya kazi, nikaegemeza boneti kwa mpini wa ufagio, nikafungua kile cha zamani, kilichochubuka ukingoni pale baba alipokuwa akikishika kwa koleo. Nilikuwa nakitafutia mahali pa kukitupa niliposikia kandambili nyuma yangu. Mama amesimama, ameshika birika la maji kwa mikono miwili, kama zamani.

Alikitazama kile kipya mkononi mwangu. Akakitazama cha zamani. Nikangoja aniulize.

"Hicho cha baba yako usikitupe," akasema. "Nipe mimi. Kilikuwa kizima."

Akakichukua, akakifunga kwenye pindo la kanga, akanipa birika nitie maji.

"Sasa kikaze," akasema. "Vidole vyangu vimekwisha nguvu."